Amana ya Watoto Uwanjani

Mzazi amkabidhipo mwanawe kwa mwalimu wa michezo huwa ameweka amana kubwa, na yahuzunisha kwamba huko Marekani amana hiyo ilikhiniwa kwa miaka mingi na Larry Nassar, tabibu wa timu ya taifa ya jimnastiki, ambaye mnamo Januari 2018, baada ya wasichana na wanawake zaidi ya 150 kutoa ushahidi wao mahakamani, alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kusema zamani, wala hawakusikilizwa.

Mwezi uliofuata ilitiwa saini sheria inayomlazimu mtu mzima aliyeidhinishwa na shirikisho la mchezo kushughulika na watoto, apatapo habari ya mtoto kudhulumiwa, aifikishe serikalini katika muda wa saa 24.

Kanuni nyingine, nami naiona bora kuliko zote, ni kwamba mkubwa asikae faragha na mtoto wa mwenziwe: mazoezi ya mtu mmoja yafanyiwe mahali penye kuonekana, na ujumbe wa simu umfikie mzazi pia. Kanuni hii humhifadhi mtoto na dhalimu, na humhifadhi vilevile yule mwaminifu ajitoleaye bila ujira, asije akatuhumiwa bure pasipo shahidi wa kumtetea.

Basi mzazi, kabla ya kulipa ada, na aulize bila ya haya: nani atasafiri na watoto, watalala wapi, na mashitaka hupelekwa kwa nani?