Kudahiliwa na Kuhitimu

Jiji la New York lilipoanzisha mwaka 1847 chuo kisichotoza ada, vijana wa kiume wa mafundi, wachuuzi na wahamiaji walipata elimu ambayo hapo kabla ilikuwa aghalabu ya wenye mali. Hata hivyo, pasipo ada palikuwapo sharti la alama, na hata kufikia miaka ya 1960 wanafunzi weusi na wa asili ya Puerto Rico, waliotoka katika shule dhaifu, walikuwa wachache mno katika chuo hicho, City College, ijapokuwa kimesimama Harlem kwenyewe, mtaa uliojaa watu weusi wakati huo. Mwaka 1969 wanafunzi hao waliuteka uwanja wa chuo wakidai haki yao, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Jiji, ambacho City College ni sehemu yake, kikaahidi nafasi kwa kila ahitimuye sekondari mjini humo. Wakaingia kwa wingi. Lakini wengi waliacha masomo njiani, na mwaka 1976, jiji lilipokuwa limenusurika kufilisika, ada ikaanza kutozwa.

Hata hivyo, madai ya wanafunzi wale yalikuwa na hoja. Uchunguzi wa wanauchumi walioongozwa na Raj Chetty, uliotolewa mwaka 2017, ulidhihirisha kwamba vyuo 38 vya Marekani, Yale na Princeton vikiwamo, vilikuwa na wanafunzi wengi zaidi kutoka asilimia 1 ya familia tajiri kabisa kuliko kutoka asilimia 60 ya familia za kipato cha chini. Ulidhihirisha pia kwamba mtoto wa maskini na wa tajiri waliosoma chuo kimoja huja kupata mapato yanayokaribiana.

Lakini kudahiliwa peke yake hakutoshi, maana aachaye masomo njiani hubaki na deni la mkopo pasipo shahada ya kumtafutia ijara ya kulilipa. Chuo kimpokeacho mwanafunzi fukara kimekwisha kuyavulia maji nguo, wala hakina budi ila kuyaoga. Ndivyo lilivyotambua jiji lile lile mwaka 2007, lilipoanzisha katika vyuo vyake vya miaka miwili mpango uitwao ASAP: mwanafunzi asome kutwa, aongezewe kiasi cha ada kilichopungua, asaidiwe vitabu, na apewe kadi ya nauli ya treni na basi kwa sharti la kuonana na mshauri wake mara kwa mara.

Mpango huo ulipopimwa kwa kuwagawa wanafunzi wa kipato cha chini kwa kura, asilimia 40 ya walioingizwa humo walihitimu katika miaka 3, ilhali kwa wenzao walioachwa nje waliohitimu walikuwa asilimia 22 tu. Fauka ya hayo, ingawa gharama kwa kila mwanafunzi iliongezeka, gharama kwa kila mhitimu ilipungua. Basi serikali isitayo kutoa nauli kwa kuhofia hasara, hasara hiyo huilipa kwa wale wanaoacha masomo.