Kuutafuta Mshipa Uliosinyaa

Aketiye Kamsamba, katika bonde la Rukwa, pale daraja la mto Momba liunganishapo mkoa wa Songwe na mkoa wa Rukwa, akaikumbuka safari ya kumpandisha majeruhi hadi nchi ya juu ya Tunduma, huelewa upesi jambo ambalo matabibu wa jeshi la Marekani walilihakiki kwa hesabu ndefu: kwamba katika askari wao 4,596 waliouawa na majeraha ya vita baina ya mwaka 2001 na 2011, karibu tisa katika kila kumi walikata roho kabla ya kufika hospitalini, na kwamba miongoni mwa hao, wale ambao labda wangeokolewa, aghalabu walikufa kwa kutokwa na damu.

Basi ile shani ya tarehe 7 Septemba 2001, Profesa Jacques Marescaux alipokuwa New York akaiongoza roboti kwa njia ya waya kumtoa kifuko cha nyongo mgonjwa aliyelazwa Strasbourg, yafaa kusimuliwa barazani kuliko kutegemewa vitani, maana vita huanza kwa kukata waya.

Lenye maana zaidi, kwa rai yangu, ni dogo. Mwaka 2019 vyuo vikuu viwili vya Pittsburgh vilipewa dola milioni 7.2 na wizara ya ulinzi ya Marekani ili vibuni tabibu wa mashine atakayetoshea katika shanta. Mashine hupeleka mawimbi ya sauti mwilini, programu ikaisoma picha irudiyo, ikapambanua ateri idundayo na vena ibonyeayo ikigandamizwa, kisha mkono wa chuma ukalenga sindano. Taabu iko hapa: aliyepungukiwa na damu mishipa yake husinyaa, hata mtabibu mahiri huikosa, ilhali ndiye mwenye haja nayo kuliko wote.

Damu yenyewe ya kumwongezea yaweza kuruka. Rwanda imekuwa ikiirusha kwa ndege zisizo na rubani tangu 2016. Na hapa kwetu, mwaka 2018, dawa zilivushwa Ziwa Victoria hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Ndege ya namna hiyo ingeweza kushuka Kamsamba usiku wa masika, ikautua mfuko wa damu salama. Lakini baada ya hapo angebaki muuguzi mmoja, tochi imebanwa kwapani, akiupapasa mkono wa majeruhi kwa ncha ya kidole.