MBWA ALIYEFUNDISHWA: KUTOKA MAWINDONI HADI KWENYE FILAMU

Katika Suratul Maidah, aya ya 4, Mwenyezi Mungu (S.W.) amehalalisha kilichokamatwa na wanyama wa kuwindia waliofundishwa. Neno lililotumika hapo kwa wafundishaji ni mukallibiin, nalo limetokana na kalb, yaani mbwa. Aya hiyo haikuishia kwenye kuhalalisha tu, bali imebainisha kuwa elimu ya kumfundisha mnyama inatokana na yale Mwenyezi Mungu aliyowafundisha wanadamu. Kwa hiyo kumfundisha mbwa si jambo geni katika fiqhi yetu. Lina mlango wake, masharti yake na khitilafu zake.

Tumeona ni vyema kuurejea mlango huo kwa sababu ya kazi moja ya zama zetu, nayo ni kuchagua na kufundisha mbwa kwa ajili ya filamu na televisheni. Muislamu anayefanya kazi katika studio za nchi za Magharibi huenda akakutana na mbwa huyo kazini. Nasi tulioko huku tunamuona sebuleni mwetu, na watoto wetu wanauliza kwa nini wasinunuliwe kama yule. Maulamaa wa Usuli husema kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukitambua. Basi tuanze na kukitambua.

VIPI HUCHAGULIWA

Wengi hudhani kinachotafutwa ni sura nzuri. Sura ina nafasi yake, lakini mfundishaji hutazama tabia kwanza. Mahali pa kupigia filamu pana taa kali, makelele na watu wengi wageni. Mbwa mwenye kushtuka hafai, na mwenye kuuma hafai zaidi. Anayefaa ni mtulivu, asiyeogopa wageni, na mwenye hamu kubwa ya chakula au mchezo, kwani hamu hiyo ndiyo ujira atakaolipwa.

Baadhi ya mbwa mashuhuri hawakutoka kwa wafugaji wakubwa. Higgins, aliyeigiza katika filamu ya Benji ya mwaka 1974, alichukuliwa na mfundishaji Frank Inn kutoka kituo cha wanyama wasio na wenyewe huko Burbank, California. Pal, aliyeigiza nafasi ya Lassie katika filamu ya mwaka 1943, alifika kwa mfundishaji Rudd Weatherwax kwa sababu alikuwa akibweka mno na kukimbiza pikipiki. Tena Pal alikuwa dume, ilhali Lassie katika hadithi ni jike. Aghalabu nafasi moja hugawanywa kwa mbwa kadhaa wanaofanana, mmoja hodari wa kukimbia, mwingine hodari wa kulala kimya.

VIPI HUFUNDISHWA

Somo la kwanza ni mahali pa kusimama. Mbwa huwekewa kibao sakafuni, na kila anapokikanyaga hupewa kipande cha nyama. Kibao hupunguzwa kidogo kidogo mpaka ikabaki alama ambayo mtazamaji haioni. Hufuata kukaa, kulala, kubweka, kutambaa, kushika kitu na kukiachia. Wafundishaji wengi wa leo hutumia kidude kinacholia "tik" kinapobonywa, na mlio huo humjulisha mbwa kuwa alichokifanya wakati ule ule ndicho kitakacholipwa.

Somo gumu zaidi ni kutii pasipo sauti. Kwa kuwa maneno ya waigizaji yanarekodiwa, mfundishaji hawezi kupaza sauti. Hivyo amri ya mdomo huunganishwa na ishara ya mkono, kisha ile ya mdomo huondolewa. Mbwa anayeonekana akimtazama bwana wake kwa mapenzi, kumbe anautazama mkono wa mfundishaji aliyesimama nyuma ya kamera. Analamba shavu la mwigizaji kwa kuwa limepakwa chakula. Huzuni na furaha tunazoziona usoni mwake, sehemu kubwa hutokana na namna picha zilivyopangwa na mhariri.

UFUNDI WA ZAMANI

Ufundi huu haukuanzia Hollywood. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, amesimulia habari za mbwa aliyeigiza Roma mbele ya mfalme Vespasian, aliyetawala kuanzia mwaka 69 hadi 79 Miladia. Alipewa mkate uliodaiwa kuwa na sumu, akatetemeka, akapepesuka, akaanguka na kuburutwa kama maiti. Wakati wake ulipofika, akainuka taratibu kama aliyetoka usingizini. Mwaka 2023, katika filamu ya Kifaransa iitwayo Anatomie d'une chute, mbwa mmoja kwa jina Messi ameigiza jambo kama hilo hilo, mbwa aliyelishwa dawa akazimia.

Katika historia yetu, Al-Jahidh wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, amesimulia katika Kitabul Hayawan kuhusu mbwa wa Bani Dhabba. Taa iliwekwa juu ya kichwa chake, akaitwa kwa jina lake, akatupiwa kipande cha nyama, naye hakutikisika. Taa ilipoondolewa, ndipo alipoirukia nyama akaila. Ametaja pia mbwa aliyefungwa kikapu shingoni chenye karatasi ya mahitaji, akaenda kwa muuza duka na kurudi navyo.

MIZANI YA FIQHI

Ukiyatazama masharti ya mafakihi, utaona wanazungumzia ustadi huo huo. Mbwa aliyefundishwa ni yule anayekwenda akitumwa na kusimama akizuiwa. Wengi wameongeza kuwa asile katika alichokamata, kwa hadithi ya Adiyy bin Hatim (R.A.) katika Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) alikataza kula windo ambalo mbwa amelila, kwa kuchelea kuwa amejikamatia mwenyewe. Imam Malik hakuliweka sharti hilo. Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan walitaka aache kula mara tatu, na Mashafi wakairejesha idadi kwenye ada ya wenye ujuzi. Wote wanamtafuta mbwa anayeiacha shahawa yake kwa ajili ya amri.

Hata hivyo, kuna mambo matatu yasiyofaa kuchanganywa. La kwanza ni kufundisha. Hilo kwa dhati yake si haramu, na aya tuliyoitaja ni shahidi.

La pili ni kufuga. Hadithi zilizo sahihi zimeeleza kupungua kwa thawabu za anayefuga mbwa kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba. Baadhi ya wanavyuoni, wakiwemo Mashafi, wamepima juu ya hao mbwa wa kulinda nyumba kwa sababu ya haja. Pumbao tupu halifiki daraja hiyo, na hapo ndipo mbwa wa filamu anapotengana na mbwa wa mawindo, ijapokuwa ustadi wao ni mmoja.

La tatu ni kugusa. Kwa Mashafi, kilichopatwa na unyevu wa mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa Imam Malik mbwa ni tahiri. Ama mbwa aliyechorwa kwa kompyuta, kama yule wa The Call of the Wild ya mwaka 2020, wala picha iliyo kwenye kioo, hapana najisi ya kuoshwa.

HAKI YA MNYAMA

Mtume (S.A.W.) ametueleza habari za mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kwa hiyo khitilafu yetu katika tohara ya mbwa haiondoi haki yake. Nchini Marekani, baada ya farasi kufa katika upigaji wa filamu ya Jesse James ya mwaka 1939, shirika la American Humane lilianza mwaka 1940 kusimamia usalama wa wanyama katika filamu. Hilo ni jema.

Lakini madhara mengine hutokea baada ya filamu kwisha. Ilipotoka 101 Dalmatians mwaka 1996, watu wengi Marekani walinunua mbwa wa aina ile, na muda si mrefu vituo vya hifadhi vikaripoti kuwapokea kwa wingi, wenyewe wamewachoka. Ndugu msomaji, mtoto anayeomba mbwa wa kwenye filamu anaomba kitu kisichokuwepo. Anaomba mbwa watatu waliounganishwa kuwa mmoja, na kazi ya miezi mingi ya watu wasioonekana. Tumueleze hivyo kwa upole, badala ya kumfundisha kumpiga mbwa mawe njiani.

Na imamu akiulizwa na kijana mwenye ajira ya aina hii, asikimbilie neno moja. Amuulize kwanza anafundisha nini, kwa lengo gani, anawafuga wapi, na anajitahirisha vipi kabla ya Swala. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayomuonesha ni mlango upi wa fiqhi aufungue.

Wallahu a'lam.