Ovari Inavyochagua Yai Moja na Kuua Mengine

Rumanyika, Omukama wa Karagwe aliyempokea mpelelezi Speke mwaka 1861, alitawala nchi iliyopima ukubwa wa mtu kwa ng'ombe wake. Katika wilaya za leo za Karagwe na Kyerwa, ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu bado ni akiba ya familia. Mfugaji husifu jike aliyezaa ndama 8 au 10. Jike huyo, hata hivyo, alizaliwa na maelfu mengi ya mayai machanga katika ovari zake. Karibu yote yalikufa humo humo, kwa utaratibu maalumu.

Kila yai hukaa ndani ya kifuko, likizungukwa na seli za granulosa zinazolilisha na kutengeneza homoni ya estrojeni. Katika mzunguko wa joto wa siku 21 hivi, vifuko huanza kukua kwa makundi, mara 2 au 3. Vikifikia milimita 4 hivi vinashindana bado. Karibu na milimita 8 kimoja hutangulia, na vingine hufa. Mkulima wa migomba huko Kagera hupunguza machipukizi ili mgomba uliobaki upate nguvu. Ovari nayo hupunguza, ila humo seli za granulosa hujiua zenyewe, kifo kinachoitwa apoptosisi.

Nani huamua seli ipi ife? Homoni zina sauti kubwa, lakini ndani ya seli zipo molekuli ndogo ziitwazo maikroRNA. Kwa kawaida jeni hunakiliwa kuwa RNA mjumbe, na mjumbe huyo husomwa ili protini itengenezwe. MaikroRNA, yenye herufi 22 hivi, haizai protini yoyote. Hukatwa na kimeng'enya Dicer, hubebwa na protini Argonaute, kisha herufi zake za 2 hadi 8 hutafuta mjumbe anayeoana nazo. Akipatikana, ujumbe wake huzimwa au huvunjwa. Victor Ambros na Gary Ruvkun walieleza uzimaji huu wa ujumbe mwaka 1993 kwa kuchunguza mnyoo wa milimita 1, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024.

Katika ovari, uchunguzi mwingi umefanywa kwa panya na nguruwe. Homoni ya LH, inayochochea yai kutoka, huongeza miR-21 katika seli za granulosa za panya. Watafiti walipoizuia, seli nyingi zaidi zilikufa na mayai machache yalitoka. Kwa nguruwe, miR-26b huongezeka katika vifuko vinavyokufa, na mojawapo ya jeni inazozima ni Smad4. La ajabu ni kwamba miR-224 nayo huzima Smad4 kwa panya, lakini huko seli huongezeka badala ya kufa. Kwa hiyo hakuna maikroRNA ya kuua wala ya kuokoa kwa asili yake. Matokeo hutegemea mnyama, hatua ya kifuko na homoni zilizopo.

Hapo ndipo zizi linapoingia. Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti majani hukauka. Jike aliyezaa karibuni hukonda huku ndama akinyonya, na mapigo ya LH kutoka tezi iliyo chini ya ubongo hupungua. Kifuko kilichoshinda wenzake hukosa msukumo wa mwisho, nacho hufa. Jike haingii kwenye joto, na mfugaji hudhani amekuwa tasa.

Mara nyingi si tasa. Ovari yake inaendelea kuamsha makundi ya vifuko, na kila kundi hufa lote. Hakuna sindano ya maikroRNA inayouzwa kwa mfugaji, na hata mbegu bora kutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, haimsaidii jike asiyetoa yai. Kinachoweza kubadili hukumu ndani ya kifuko ni mambo ya kawaida: malisho yaliyohifadhiwa kabla ya kiangazi, maji, chumvi ya madini, na mwili usiokonda kupita kiasi wakati wa kuzaa. Akirudi kwenye joto asubuhi, apandishwe jioni ya siku hiyo. Uamuzi wa kumpeleka mnadani usubiri hadi ashibe kwa miezi michache.