Deki ya CD: Usianze na bei

Zipo familia Singida zenye CD za kwaya na harusi ambamo zinasikika sauti za wazee waliokwisha kufariki. Mzazi anayetaka deki nzuri ya kuzipigia asianze na bei.

Kwanza asome kibandiko cha nyuma. Deki zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, wakati umeme wa Tanzania ni volti 230. Bila transfoma, itaungua.

Pili, aende dukani na CD zake, hasa zilizorekodiwa kwa kompyuta, kwani baadhi ya deki hazizisomi.

Tatu, aifunike. Vumbi la kiangazi likikaa kwenye lenzi, muziki hurukaruka.

Mwisho, azinakili kwenye flashi mapema. Deki ikifa, hununuliwa nyingine. Sauti ya bibi haiuzwi popote.