Programu uliyorushiwa ni ile ile? Uliza heshi, usiulize jina

Bando likiisha, programu hurushwa. Mchimbaji mdogo wa Rwamgasa, mkoani Geita, humrushia mwenzake kwa bluetooth, au fundi simu humwekea kutoka kwenye memori kadi. Faili hufika likiwa na jina lile lile na nembo ile ile. Ndani ya simu hiyo hiyo kuna akaunti ya pesa na mauzo ya dhahabu ya wiki nzima. Atajuaje kama hakuna aliyechomeka kitu njiani?

Jina si ushahidi, kwani yeyote anaweza kulibadili. Wataalamu hutegemea heshi: hesabu inayosoma faili zima kisha kutoa mfululizo mfupi wa tarakimu na herufi. Kwa kanuni ya SHA-256, inayotambuliwa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mfululizo huo una alama 64, faili liwe ujumbe mfupi au filamu ya saa mbili. Herufi tatu "abc" hutoa mfululizo unaoanza na ba7816bf. Ukigeuza biti moja tu ya faili, yaani 0 kuwa 1 au 1 kuwa 0, karibu nusu ya biti za matokeo hubadilika.

Heshi ni kama alama ya kidole tunayoweka wakati wa kusajili laini: inamtambulisha mtu, lakini huwezi kumuumba mtu kutokana nayo.

NIST ina maktaba ya heshi za mafaili ya programu zinazojulikana. Mpelelezi akishika kompyuta yenye mafaili laki kadhaa, hulinganisha heshi za mafaili hayo na maktaba hiyo; yanayojulikana huyaweka kando, akabaki na machache ya kuchunguza. Heshi husaidia kunasa mafaili hatari pia. Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipovuruga huduma katika hospitali za Uingereza, wataalamu walisambaza heshi za mafaili yake ili yatambuliwe kwingine.

Si kila kanuni bado inaaminika. Mwaka 2004 Wang Xiaoyun na wenzake wa China walionyesha kuwa mafaili mawili tofauti yanaweza kupewa heshi moja kwa kanuni ya MD5. Mwaka 2017 watafiti wa Google na wa kituo cha CWI cha Amsterdam wakafanya hivyo kwa kanuni ya SHA-1. Ndiyo maana leo inashauriwa kutumia SHA-256.

Tena, heshi husema faili ni lile lile. Haisemi ni salama. Hata maktaba ya NIST ina heshi za zana za udukuzi. Na heshi iliyoletwa na mtu yule yule aliyekurushia faili haina maana: aliyebadili faili atashindwaje kuandika heshi mpya?

Kwenye kompyuta ya Windows, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux, sha256sum na jina la faili. Linganisha matokeo na heshi iliyo kwenye tovuti ya mtengenezaji, alama zote 64. Ikitofautiana hata moja, futa. Mwenye simu asiye na kompyuta apakue programu za fedha kwenye duka rasmi tu, ambako ukaguzi wa aina hii hufanyika wenyewe. Gharama ya bando ni ndogo kuliko salio la akaunti.