Piano kwa Waliolelewa na Nyatiti

Mwanafunzi mmoja wa hapa Sondu aliniuliza iwapo mtu aliyelelewa kwa sauti ya nyatiti aweza kweli kuuelewa muziki wa akina Chopin. Swali lake lina uchungu, kwani wapo walimu ambao humfundisha mtoto piano kwa kumtaka kwanza ayasahau ya kwao.

Nilimtajia Girma Yifrashewa, Mwethiopia aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1967. Utotoni alipiga krar, ala ya nyuzi iliyo ndugu ya nyatiti. Piano aliianza akiwa na umri wa miaka 16, katika Shule ya Muziki ya Yared. Umri ambao wengi wetu tungesema amekwisha chelewa! Alikwenda kusomea Sofia, Bulgaria. Utawala wa kikomunisti ulipoanguka masomo yalikatika, akakimbilia Italia, kisha akarudi kuyakamilisha. Leo, jukwaani, humpiga Chopin pamoja na tungo zake mwenyewe zilizojengwa juu ya sauti tano za Kiethiopia. Msikilizaji wa kwao huufikia ugeni kwa kupitia nyumbani.

Sisi wanaisimu twalitambua jambo hili: lugha ya pili haihitaji kuibomoa ya kwanza.

Na tuitazame nyatiti yenyewe. Nyuzi nane, vidole vya mikono yote miwili, na pete ya chuma katika kidole cha mguu ikigonga mapigo. Mwanafunzi yule aliitazama mikono yake, kisha akaniuliza piano iliyo karibu iko wapi.